Ile Picha Uliyowaonyesha Watu Kanisani

Nyumba za Walimu wa Chuo,
Nyamatsanga,
Zimbabwe.
21 Januari 2018.

Mpendwa mdogo wangu Taurai,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Sekesai na kijana wenu Tafara. Mnaendeleaje na baridi ya huko Leicester? Nasikia mwaka huu theluji imewafungia milango. Hapa mvua ni nzuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yamenipita kichwa, na mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Baba mdogo Zivanai naye yupo. Anakohoa, anakula ugali wa sadza wa watu wawili, kisha analalamika kwamba nyumba hii ina njaa. Kwa hiyo kwa upande wa wazee sina jipya.

Jipya ni la mwanao Nyaradzo. Sikukupigia simu, na ni kwa makusudi. Kwenye simu ungelia, nami ningelazimika kukubembeleza, na sina hamu hiyo. Barua haikatizwi. Kaa chini uisome mpaka mwisho, ndipo umwite mkeo.

Nianze kwa kujibu barua yako ya Krismasi. Umeniuliza kwa nini Nyaradzo hapokei simu, anatuma tu ujumbe wa maneno mawili matatu, na kama kuna mwanaume. Hakuna mwanaume. Na ule ujumbe ninauandika mimi, yeye ananiambia la kusema. Halafu ukajaza ukurasa mzima kwa ile picha aliyokutumia Novemba, siku yake ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo kule kwenye shamba la wanyama karibu na mto Save. Unasema umeiweka mbele ya simu yako. Unasema ulimwonyesha mchungaji, kanisa zima likapiga makofi, na mama mmoja akasema kweli huyu ni binti simba. Haya. Ninayo picha hiyo hiyo hapa. Msichana anacheka meno yote nje, ameshika nyoka mdogo mweusi nyuma ya kichwa, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule, sawasawa kabisa na mchoro wa kitabuni.

Kabla aliyempiga picha hajashusha mkono, Taurai, yule nyoka alikuwa ameshamchoma. Nyaradzo alidhani ni kitu kidogo, kama nyuki. Alimwachia nyoka, akaona aibu kusema mbele ya wenzake, akakutumia wewe picha kwanza, ndipo akaenda kunawa. Kidole alichobonyezea kukutumia picha ndicho hicho hicho.

Hana tena kidole hicho. Nakuambia hivi hivi kwa sababu hakuna namna nzuri ya kuliambia jambo hili, na hata ingekuwapo nisingekutafutia.

Jioni mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko. Hospitali walifanya waliloweza, wala usiwalaumu. Sumu ya nyoka yule haina dawa ya kuipinga, unasafisha na kungoja uone itakula mpaka wapi. Ilikula kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Kilikuwa cheusi, halafu kikakauka, halafu wakakikata kwenye kifundo cha katikati, na baadaye wakarudi kukikata tena karibu na kiganja. Kidole gumba kimepona ila ncha yake haihisi kitu. Nilikuwapo mara zote mbili. Mwanao hakupiga kelele. Alikuwa akinitazama tu akirudia maneno yale yale.

"Shangazi, nilimshika vizuri. Nilimshika kama walivyotufundisha."

Na ni kweli. Hilo ndilo linalonichoma. Nyoka mwingine yeyote ukimshika nyuma ya kichwa umemweza, hawezi kugeuka. Huyu mmoja, anayeishi chini ya udongo na kutoka mvua za kwanza zinapoloweka ardhi, hahitaji kugeuka wala kufungua mdomo. Jino lake linatokea pembeni, mdomo ukiwa umefumba, naye hulisukuma nyuma kwa mtu aliyemshika. Hakuna namna ya kumshika ikawa salama. Kwenye picha za darasani anafanana na nyoka wapole wawili watatu ambao mtoto anaweza kuwachezea. Ukimwona mwenyewe ardhini hafanani na yeyote: anapinda shingo kama mpini wa mwavuli, anaelekeza pua chini na kutulia hivyo, na harufu yake ni mbaya. Hilo hulioni kwenye picha. Unapaswa kuchuchumaa mbele yake, mbali kidogo, kwa muda mrefu, ukiwa na mtu nyuma yako anayekukataza kugusa.

Mtu ambaye hakusoma kabisa angekimbia. Mtu aliyesoma porini angechuchumaa na kutazama. Anayemshika nyuma ya kichwa huku anacheka ni yule tu tuliyemfundisha nusu, tukampa alama tisini na moja kwa nusu hiyo. Kosa hili haliwezi kufanywa na mchunga ng'ombe wala mwuza nyanya. Ni kosa la wanafunzi wa biolojia, na ni sisi tuliowafundisha kulifanya.

Nimesema sisi. Sasa nitasema wewe.

Unakumbuka alipokuwa mwaka wa kwanza na mimi nikawapeleka yeye na wenzake bondeni na lori la chuo? Nilimpa kila mmoja kipande cha ardhi chenye ukubwa wa mkeka wa kulalia, nikawaambia wakae nacho mchana kutwa. Hakuna kitabu, hakuna simu, hakuna kuniuliza jina la kitu. Jioni uje uniambie mkeka wako ulifanya nini leo. Si unaitwaje, ulifanya nini. Aliyeniletea majina ya kitabuni nilimrudisha akaendelee kukaa. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, ndivyo nilivyofundisha miaka yote, na wapo waliosoma kwangu ambao leo siwezi kubishana nao bila kwanza kujiandaa.

Nyaradzo alipata kichuguu cha sisimizi. Mchana, jua likiwa utosini na kupe wakimpanda miguuni, alijificha nyuma ya lori, akaazima simu ya dereva, akakupigia akilia. Hiyo simu unaikumbuka, maana uliitangaza kwa ukoo mzima. Jioni hukuwapo kuiona. Jioni alikuja mbele yangu, uso umeiva kwa jua, magoti yana vumbi, akaniuliza kwa nini sisimizi wakiwatoa wafu wao wanawatupa upande ule unakoelekea upepo, na upepo ulipogeuka alasiri nao wakageuza. Nilimwambia sijui, katafute. Ungemwona, Taurai. Alisahau kupe. Alisahau hata kula. Wenzake walimaliza dagaa wa matemba wote na yeye bado anachora upepo mchangani kwa kijiti.

Mwezi uliofuata angerudi kwenye kichuguu chake. Lakini wewe ulikuwa umeshamwandikia mkuu wa kitivo, Profesa Chigumira, na ukawakusanya wazazi wenzako wa huko ng'ambo wakatia saini. Mliandika kwamba watoto wenu wanafanywa wachunga ng'ombe, kwamba biolojia ya dunia ya leo iko kwenye kompyuta, kwamba hamkulipa ada ili mtoto aumwe na kupe. Chigumira aliipokea barua ile kama anavyopokewa bibi harusi. Alikuwa akilalamikia mafuta ya lori siku nyingi, akikosa tu mtu wa kumsingizia. Muhula haukuisha kabla mafunzo ya uwandani hayajafutwa na mahali pake zikaja picha na filamu. Nilikupigia simu nikakuomba uirudishe barua yako. Nilikuomba, mimi dada yako mkubwa niliyekubeba mgongoni. Ulichonijibu ninakikumbuka neno kwa neno.

"Dada, nyoka waachie nyoka. Mwanangu atasoma akiwa amekaa kwenye kiti."

Basi alisoma kwenye kiti. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mama alikuwa akikuambia hivyo ulipokuwa ukimpa Nyaradzo sukari, nawe ukicheka. Uliogopa machozi ya mchana mmoja, ya kupe, ambayo yalikauka kabla ya jua kutua.

Usijitetee kwamba ajali ingetokea hata hivyo. Ingetokea kwa nani? Kwa miaka yote niliyowapeleka vijana bondeni, waliniletea malaria, miiba, ugomvi, mimba moja na lori lililozama mtoni. Hakuna aliyewahi kuniletea kidole. Walikuwa wameshamwona nyoka yule, mahali pake, kwa macho yao wenyewe, kabla hawajapata ujasiri wa kumshika.

Sasa sikia alichofanya Chigumira. Alikuja nyumbani kwangu na chungwa na biskuti kumpa mgonjwa pole. Alikaa kwenye kiti chako kile cha mbao, akala biskuti zake mwenyewe, kisha akaanza kutikisa kichwa kwa huzuni. Akaniambia kwamba baraza la chuo linakaa mwezi wa tatu, na kwamba atapeleka pendekezo la kufuta hata haya mafunzo kwa vitendo yaliyobaki, wanafunzi wa biolojia wasitoke tena nje ya ua la chuo. Alitaka familia imuunge mkono.

"Mama Maidei, unaona? Pori limemla mtoto wa kwenu wenyewe. Mdogo wako alikuwa ameona mbali."

Nilimwambia aondoke. Alidhani ninatania, akachukua biskuti nyingine. Nikamwondolea sahani. Baba mdogo Zivanai alinigombeza baadaye kwamba mgeni hafukuzwi, lakini biskuti alizimaliza yeye.

Unaona jambo lilivyogeuzwa? Mtoto ameumia kwa sababu hakuwahi kwenda porini, na kuumia kwake ndiko kutakakowazuia wengine wote kwenda. Na barua anayoisoma Chigumira kwenye kila kikao, anayoiita sauti ya mzazi mwenye hekima, ni yako. Bado anayo. Ameitia kwenye plastiki isichakae.

Kuna jambo jingine nililolifanya, na ni afadhali ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Wiki iliyopita niliichukua ile picha nikaimulika ukutani darasani, kubwa, mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Nikawauliza wanaona nini. Wakaniambia wanaona msichana jasiri. Wakaniambia wanaona namna sahihi ya kumshika nyoka. Mmoja akataja jina la nyoka mpole, wenzake wakakubali. Niliwaacha waitazame mpaka wakaanza kuchoka, nikauliza tena, wakanipa majibu yale yale. Hakuna hata mmoja aliyeona. Ndipo Nyaradzo, ambaye alikuwa amekaa nyuma na khanga begani, akaja mbele akaufungua mkono wake juu ya meza.

Msichana mmoja alitapika. Wengine hawakunitazama tena mpaka kipindi kikaisha. Walimu wenzangu wanasema nimemfanya mtoto wa ndugu yangu kuwa kielelezo cha maabara, na kwamba sina moyo. Yawezekana. Nilimwuliza Nyaradzo kabla, akakubali. Nilimwuliza baada, akasema anataka kuwaonyesha na mwaka wa kwanza. Usiku huo alilia. Sikuingia chumbani kwake. Yapo machozi ya kuzuia na yapo ya kuacha yatoke, na wewe hukuwahi kujua tofauti.

Sasa jambo la mbira. Najua ulikuwa umeshalifikia mwenyewe tangu uliposoma ni kidole gani. Ni wewe uliyemfundisha mbira ya baba, ukamkalisha mapajani ukamwonyesha kwamba vidole gumba vinashusha vijino vya chuma na cha shahada cha kulia kinainua kutoka chini. Na ni wewe uliyesema kwamba Agosti, tutakapofanya tambiko la kuirudisha roho ya mama nyumbani, atapiga yeye, si mpigaji wa kukodi. Juzi aliitoa mfukoni. Alijaribu kuinulia kwa kidole cha kati. Alipiga wimbo ule wa kuwaita wazee, mwanzo mpaka mwisho, huku mimi nikiwa jikoni. Alipomaliza akaniuliza ilikuwaje.

Nikamwambia ilikuwa mbaya.

Alicheka. Hakuwa amecheka tangu Novemba. Watu wote wanaokuja hapa wanamwambia anaendelea vizuri, Mungu mwema, hata haionekani kwamba kidole hakipo. Inaonekana. Sasa kila jioni anajaribu, na kila jioni ananiuliza, nami namwambia ukweli. Jana ubaya uliuzidi uzuri kidogo tu. Ukija Agosti utasikia mwenyewe, na ukilia wakati anapiga nitakutoa nje ya nyumba mbele ya wazee.

Yeye hakulaumu wewe. Nimemchokoza mara kadhaa, hataki. Anasema baba hakujua. Basi nimechukua mimi kazi ya kukulaumu, maana ni lazima mtu aifanye, na mimi nimezoea kufanya kazi ambazo wengine wameziacha.

Ninachotaka kwako ni kimoja. Pesa sitaki, dawa sitaki, wala hizo nguo za baridi ambazo wifi atakimbilia kuzifunga kwenye boksi. Nataka barua kwa baraza la chuo, ifike kabla ya mwezi wa tatu. Uandike kwamba barua yako ya kwanza ilikuwa ya ujinga. Uandike kwamba mwanao ameumia kwa sababu alifundishwa nyoka kwa picha, na kwamba wewe baba yake ndiye uliyeomba afundishwe kwa picha. Uombe lori lirudi, na mkeka urudi, na kupe warudi. Wale wazazi uliowakusanya, wakusanye tena. Usipoandika, Chigumira atasoma ile ya zamani, baraza litapiga kura, na watoto wa watu wataendelea kupata alama tisini kisha kwenda kushika wasichokijua. Vidole vyao utavihesabu wewe.

Na iandike kwa mkono, usipige chapa. Wewe bado unavyo vyote.

Nyaradzo mwenyewe ameshaomba kwa idara arudie mwaka. Hataki tena habari ya kuja huko kwako kwa masomo ya juu, kwa hiyo acha kumtafutia chumba. Ameniambia anataka kwenda kukaa na kichuguu chake. Chigumira anasema hilo haliwezekani kwa sababu hakuna tena somo la namna hiyo. Ndiyo sababu nangoja barua yako.

Wasalimie wote. Wifi Sekesai mwambie nampenda, na kwamba hakuwa na makosa isipokuwa kukusikiliza. Tafara mwambie asiguse hata mjusi mpaka aje kwangu. Baba mdogo Zivanai anakusalimu na kuuliza ile miwani. Shemeji Marwei anasalimu, na watoto wa binamu Chenai wote, hata yule aliyekupasulia dirisha la gari. Mungu awalinde, awape afya na riziki, na wewe akupe usingizi mwema, ila asikupe usiku wa leo.

Dada yako akupendaye, utake usitake,

Maidei.

Nyaradzo ameomba nafasi iliyobaki hapa chini. Sijamsahihisha.

Baba, shikamoo. Naandika kwa mkono wa kushoto, usicheke. Shangazi ni mkali lakini ananipikia. Usiifute ile picha. Ifungue uivute iwe kubwa. Usinitazame mimi, mtazame nyoka. Pembeni ya mdomo wake, karibu na kidole changu. Mdomo umefumba lakini kuna kitu cheupe kimetoka. Umekiona? Kilikuwa pale pale. Mimi nilikuwa natazama kamera, nikifikiri jinsi utakavyofurahi.